LSAT: mutihani wa kuingia shule ya sheria ku Marekani, na namna ya kuutayarisha

Mu Kongo, mwanafunzi akipata diplome ya Leta na asilimia zinazoombwa, anaweza kujiandikisha mara moja ku fakulte ya sheria. Watu wa Goma, Bukavu, Uvira ao Lubumbashi wanaijua njia hiyo: miaka ya masomo, kazi ya mwisho, kisha stage ya miaka miwili ku baro, na mutu anakuwa avoka. Ku Marekani njia iko tofauti, na mbele ya mulango kuna mutihani wenye kuitwa LSAT.

Mutihani huo unawagusa Wakongo wengi kuliko vile watu wanafikiri. Kwa zaidi ya miaka kumi, makumi ya maelfu ya Wakongo walipelekwa Marekani kama wakimbizi, wengi wakitoka ku makambi ya Nyarugusu mu Tanzania, Kakuma mu Kenya, Nakivale na Kyangwali mu Uganda. Leo wako Texas, Kentucky, Arizona, Ohio, Iowa, Maine na kwingine. Watoto waliofika wadogo wamekuwa wakubwa, wengine wamemaliza universite. Kati yao wako wenye kutaka kuwa avoka. Mara nyingi ni juu walikuwa wakiwatafsiria wazazi wao ku ofisi na mbele ya majaji, na waliona vile karatasi moja yenye kusainiwa bila kueleweka inaweza kuvunja maisha ya jamaa.

Kisha simu inafika huku nyumbani: mutoto anatayarisha LSAT, amepunguza saa za kazi, miezi hii hatatuma kitu. Wazazi na wajomba wanajiuliza: ni mutihani gani huo wa kusoma miezi sita, na mutu alishamaliza universite? Habari hii inaeleza mutihani wenyewe, kazi inayoomba, pesa inayokula, na njia zingine zenye kuwa pembeni yake.

Unaingia wapi mu safari ya masomo

Ku Marekani, sheria haisomwi mara moja kisha sekondari. Mwanafunzi anafanya kwanza universite, kwa kawaida miaka 4, mu somo lolote: historia, biashara, biolojia, hata muziki. Akiisha kupata diplome hiyo ndipo anaomba nafasi ku shule ya sheria, ambako atasoma miaka 3 kama anasoma muda wote. Diplome ya mwisho inaitwa J.D. Baada ya hapo bado kuna mutihani wa baro wa jimbo ambamo anataka kufanyia kazi.

LSAT inakaa katikati, kati ya universite na shule ya sheria. Inatengenezwa na shirika LSAC, lililoanzishwa mwaka 1947. Mutihani wa kwanza ulifanyika mwaka 1948. Shule za sheria zilikuwa na shida moja: wanafunzi wanatoka ku universite mamia, kila moja inatoa cotes kwa namna yake. Namna gani kulinganisha 16 ya huku na 16 ya kule? Walitaka kipimo kimoja kwa wote.

Kwa hiyo shule inaangalia kwanza vitu viwili: cotes za miaka ya universite na alama za LSAT. Halafu inasoma barua ya mwanafunzi mwenyewe, barua za walimu na kazi alizofanya. Shule nyingi leo zinakubali pia mutihani mwingine wenye kuitwa GRE, lakini LSAT ndiyo inabaki ya kawaida.

Haulizi sheria

Kosa la kwanza ni kufikiri kwamba LSAT inauliza sheria za Marekani. Hapana. Hakuna itemu hata moja yenye kuomba mutu ajue katiba, kodi pénal ao jina la jaji. Kila kitu kinachohitajika kwa kujibu kimeandikwa ndani ya itemu yenyewe.

Hapo ndipo tofauti na examen d'Etat inaonekana. Exetat inapima vile mwalimu alifundisha: mwanafunzi anafunga daftari zake, anafanya blocus wiki mbili tatu, anaingia. Akisoma vizuri karne na tarehe, anazipata. LSAT haifanyiwe blocus, juu hakuna kitu cha kumeza. Inapima namna mutu anasoma, anavyotofautisha kilichosemwa na kisichosemwa, na anavyoona tundu ndani ya maneno ya mutu mwingine. Ni kama kujifunza kupiga gita: kusoma kitabu juu ya gita hakutoshi, vidole vinataka mazoezi.

Kitu kimoja Wakongo wanakijua tayari ni umbo lake. Sawa vile ku Exetat, kila itemu iko na majibu 5 na jibu moja ndilo la kweli. Na kukosa hakupunguzi alama. Kwa hiyo mutu asiache itemu hata moja wazi. Kama muda unaisha, atie alama mahali popote mbele ya saa kulia.

Ndani ya mutihani mna nini

Mutihani unafanyika ku kompyuta na uko na sehemu 4, kila moja dakika 35. Baada ya sehemu ya pili kuna mapumuziko ya dakika 10. Sehemu 3 zinahesabiwa: mbili za kupima hoja, ambazo kwa Kiingereza zinaitwa Logical Reasoning, na moja ya kusoma na kuelewa. Sehemu ya ine haihesabiwe. LSAC inaitumia kwa kujaribu itemu za miaka ijayo. Mwanafunzi hajui ni ile gani, kwa hiyo anafanya zote kwa nguvu moja.

Kuna tena kazi ya kuandika, yenye kufanyika siku nyingine. Haipewe alama, lakini shule zinaisoma.

Zamani kulikuwa sehemu nyingine ya kupanga watu na vitu, ile wanafunzi waliita michezo ya mantiki. Ilitaka kuchora vitabla na mistari. Wanafunzi wenye kutoona walishitaki, mwaka 2019 wakapatana na LSAC, na tangu Agosti 2024 sehemu hiyo imeondolewa. Ni vizuri kulijua, juu vitabu vingi vya zamani vyenye kuuzwa bei ya chini bado vinaibeba. Mutu akinunua kitabu cha mbele ya 2024, anaweza kupoteza wiki nyingi akifunza kitu ambacho hakiko tena.

Mufano wa kwanza: klore na ziwa

Namna nzuri ya kuelewa mutihani huo ni kuona itemu. Hizi mbili zimeandikwa kwa ajili ya habari hii, hazikutoka ku LSAT, lakini zinafanana nayo kwa umbo.

"Ku mutaa moja karibu na ziwa, nyumba zenye kutia klore ndani ya maji ya kunywa zilikuwa na wagonjwa wachache wa kolera kuliko nyumba zisizotia. Kwa hiyo, ni klore iliyopunguza ugonjwa ku nyumba hizo." Ni jambo gani, kama liko kweli, linapunguza zaidi nguvu ya hoja hiyo?

1. Klore inauzwa bei ya chini ku soko la mutaa.
2. Nyumba nyingi zenye kutia klore zinachota ku robine, na nyumba nyingi zisizotia zinachota ku ziwa.
3. Kolera inaweza kuua mutu haraka kama hapati matibabu.
4. Watu fulani hawapendi harufu ya klore.
5. Mutaa wa jirani hautumii klore hata kidogo.

Jibu ni 2. Kama nyumba zenye klore ndizo zilezile zenye kuchota ku robine, basi haijulikane tena ni kitu gani kilisaidia: klore ao maji ya robine. Hoja imelegea.

Mutego uko wapi? Kila mutu wa Goma ao Uvira anajua kwamba klore inasaidia kweli kuzuia kolera, na inafaa kuendelea kuitia. Kwa hiyo wengi wanakataa jibu la 2, wakisema: lakini klore ni nzuri! Ni kweli, ila itemu haiulizi hivyo. Inauliza kama maneno haya, vile yameandikwa, yanatosha kwa kuthibitisha. Avoka naye anafanya kazi hiyo kila siku: hata kama anaamini kwamba mutu fulani ameiba, anapaswa kuona kama ushahidi wenye kuletwa unatosha.

Mufano wa pili: karatasi ya mupaka

"Kila mutu mwenye kuvuka mupaka kwa njia ya sheria iko na karatasi. Mama huyu iko na karatasi. Kwa hiyo alivuka kwa njia ya sheria."

Je, hoja hiyo inasimama? Haisimame. Mama anaweza kuwa na karatasi ndani ya kikapo na akapita njia ya porini. Anaweza pia kuwa na karatasi na asivuke hata siku moja. Karatasi inahitajika kwa kuvuka kisheria, lakini kuwa nayo hakutoshi kwa kuthibitisha kwamba alivuka kisheria.

Kile tunachoweza kusema bila kukosa ni hiki: mutu asiye na karatasi hakuvuka kwa njia ya sheria. Tofauti hiyo kati ya kinachohitajika na kinachotosha inarudi ndani ya LSAT mara nyingi sana. Mutu akiishika vizuri, itemu nyingi zinafunguka.

Kusoma na kuelewa

Sehemu ya kusoma iko na mafungu 4 ya maandishi, na kwa kila fungu itemu kadhaa. Moja kati yao linakuwa maandishi mawili mafupi ya kulinganisha. Mambo yanayozungumziwa ni sheria, sayansi, sanaa na maisha ya jamii. Mutu anaweza kukuta maandishi juu ya wadudu, kisha juu ya muchoraji wa karne ya 19.

Wanafunzi wanaogopa wakiona jambo wasilolijua. Lakini hakuna anayeombwa kulijua mbele. Kinachoombwa ni kufuata mwendo: mwandishi anataka kusema nini, anapinga nani, kwa nini alileta mufano huu, na anasimama upande gani. Mwenye kusoma kila fungu na kujisemea kwa maneno machache "hapa anafanya nini" anaenda mbali kuliko mwenye kujaribu kushika kila neno.

Alama zinahesabiwa namna gani

Hakuna asilimia sawa vile ku Exetat, na hakuna kufaulu ao kuanguka. Majibu ya kweli yanajumulishwa, kisha yanageuzwa kuwa alama kati ya 120 na 180. Katikati ni karibu 150. Shule zenye jina kubwa kama Yale na Harvard wanafunzi wao wengi wanapita 170. Lakini ziko shule nyingi nzuri zenye kuchukua wanafunzi wa 150 na kitu, na avoka wengi wanaosaidia wakimbizi walitoka humo.

Kwa nini basi watu wanasumbuka kwa alama 5 ao 6? Juu ya pesa. Shule zinatoa burse kufatana na LSAT na cotes. Alama chache juu zinaweza kubadilisha mutu kutoka kulipa yote hadi kulipa nusu ao kutolipa kabisa. Ndiyo maana kijana anaweza kuacha kutuma dola mia kila mwezi kwa muda wa miezi sita: anajaribu kuepuka deni la makumi ya maelfu.

Mutu anaweza kurudilia mutihani, lakini si bila mwisho. Kufatana na kanuni za LSAC, ni mara 5 ndani ya kipindi ambamo alama zinahesabiwa, karibu miaka 5, na mara 7 kwa maisha yote. Shule zinaangalia zaidi alama ya juu, ila zinaona zote. Kwenda "kujaribu tu" bila kutayarisha ni kuchoma nafasi na pesa.

Miezi, siyo siku

Wengi wenye kufanya vizuri wanajipa miezi mitatu hadi sita, wengine zaidi kama wanafanya kazi. Mwenye kufanya kazi usiku ku kiwanda ao ku hospitali hawezi kulinganishwa na mwenye kusoma muda wote. Saa moja na nusu kila siku, miezi sita, ni bora kuliko saa kumi siku ya Posho peke yake. Kazi yenyewe iko na hatua ine.

Hatua ya kwanza, mutihani wa kujipima. LSAC iko na jukwaa ku intaneti lenye kuitwa LawHub, ambako mutu anafungua konte bure na anapata mitihani ya kweli ya miaka iliyopita. Afanye moja nzima, na saa, bila kujitayarisha. Alama itakuwa chini, na hiyo si haya. Inaonyesha tu mahali pa kuanzia.

Hatua ya pili, kujifunza polepole bila saa. Hapa mutu anazoea aina za itemu: kutafuta kosa ndani ya hoja, kuiongezea nguvu, kuipunguzia nguvu, kutafuta kitu ambacho hakikusemwa lakini hoja inakitegemea. Mwenye kukimbilia saa mbele ya kuelewa anazoea kukosa haraka.

Hatua ya tatu, daftari ya makosa. Kwa kila itemu aliyokosa, mwanafunzi anaandika vitu vitatu: kwa nini jibu lake lilimuvuta, kwa nini si la kweli, na kwa nini lingine ndilo la kweli. Wengi wanaruka hatua hiyo juu inachosha. Wanafanya mitihani 20, wanaangalia alama, wanalala, na alama haipandi. Mitihani 8 yenye kuchunguzwa vizuri inafundisha zaidi.

Kuna namna moja yenye kusaidia sana: mutu anafanya sehemu na saa, anatia alama pembeni ya itemu zenye mashaka. Mbele ya kuangalia majibu, anarudilia zile itemu bila saa. Kama sasa anazipata, shida ni mwendo. Kama bado anazikosa, shida ni kuelewa. Dawa za shida hizo mbili hazifanani.

Hatua ya ine, wiki za mwisho: mitihani mizima, sehemu 4 mufululizo, saa ile ile ya mutihani wa kweli, simu ikiwa imezimwa. Mwili nao unapaswa kuzoea kukaa karibu saa mbili na nusu.

Na kalenda je? LSAT inafanyika mara kadhaa kwa mwaka, na kujiandikisha kunafungwa zaidi ya mwezi mbele. Shule zinaanza kupokea maombi karibu Septemba, kwa masomo yenye kuanza Agosti ya mwaka unaofuata, na nyingi zinatoa nafasi na burse polepole, zikifuata namna maombi yanavyofika. Mwenye kutaka kuingia Agosti 2027, ni vizuri awe na alama zake mwaka 2026 usiishe. Tena, miaka ya nyuma wengi walifanyia mutihani nyumbani mbele ya kamera. LSAC ilitangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 karibu wote watafanyia ku kituo. Wale wenye kukaa mbali na muji wapange safari.

Kiingereza kikiwa luga ya tatu ao ya ine

Kijana wa Kongo anaweza kujua Kiswahili, Kifaransa, Kibembe ao Kinyarwanda ao Mashi, na Kiingereza alichokipata ku kambi. Ni utajiri, lakini LSAT iko kwa Kiingereza na haitoe muda wa ziada kwa mwenye kujifunza luga hiyo ukubwani. Muda wa ziada uko kwa wenye ulemavu ao shida ya afya yenye kuthibitishwa. Na mwenye haki hiyo asione haya kuiomba, lakini mapema.

Hapa kuna maneno madogo yenye kuangusha watu. "Most" maana yake ni zaidi ya nusu. "Some" maana yake ni angalau moja, na inaweza kuwa hata wote. "Only" inageuza maana ya sentensi nzima. "Unless" inasumbua karibu kila mutu: sentensi "hutaingia unless uko na jeton" inasema kwamba bila jeton huingii, haisemi kwamba mwenye jeton ataingia kweli. Mwenye Kiingereza cha barabarani anaweza kuzungumza vizuri siku nzima na bado kukosa hapo.

Dawa ni kusoma kila siku, miezi mingi mbele ya LSAT yenyewe: gazeti nzito, habari za sayansi, maamuzi ya mahakama. Dakika 30 kwa siku, na kusema kwa sauti, hata kwa Kiswahili: huyu anasema nini, anategemea nini? Kuelezea hoja kwa luga ya mama ni kipimo kizuri. Mutu asiyeweza kuieleza kwa luga anayoijua vizuri, hajaielewa bado.

Pesa

Mutihani unalipiwa karibu dola 250. Juu yake kuna huduma ya LSAC ya kukusanya diplome na cotes, zaidi ya dola 200, na kila shule inayotumiwa ripoti inaongeza karibu dola 45. Kwa shule sita, mutu anaweza kupita dola 700 mbele ya kuingia hata ku mulango. Masomo ya kujitayarisha ya makampuni yanaweza kupita dola 1,000.

Lakini kuna kusamehewa malipo. LSAC inatoa msamaha kwa wenye mapato madogo, kama vile raia wa Marekani na wenye grinkadi, na unalipia mutihani, huduma ya karatasi na mazoezi ya kulipwa ya LawHub. Wakimbizi wengi wa Kongo, ambao wanaomba grinkadi baada ya mwaka moja ku Marekani, wanaweza kuingia humo. Shuruti ni kuomba mbele ya kulipa. Shule nyingi nazo zinasamehe pesa ya maombi kwa mutu anayeandika na kuomba kwa heshima.

Deni ndilo zito zaidi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaweka mupaka kwa mikopo ya serikali ya Marekani: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mwanafunzi mupya wa sheria hawezi kukopa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Ku shule ambako bei ya masomo na maisha inapita hapo, zinazobaki atazitafuta ku benki ao ku burse. Tena, burse zingine zinaondolewa kama cotes za mwaka wa kwanza zinashuka. Mbele ya kusaini, kijana aulize shule: wangapi walipoteza burse mwaka uliopita?

Na wajihadhari na wauzaji wa "itemu zilizotoka". Mutu akikamatwa, shule zinajulishwa, na baro nayo inachunguza tabia ya kila mwenye kuomba kuwa avoka. Anaweza kumaliza masomo yote na kufungiwa mulango wa mwisho.

Mwenye diplome ya Droit kutoka Kongo

Ndugu wengi wanauliza: alimaliza Droit Bukavu ao Kisangani, sasa iko Marekani, anaanza tena kutoka chini? Si lazima. Kuna masomo ya mwaka moja yenye kuitwa LL.M., ya mutu aliyesoma sheria inchi ingine. Kwa kawaida hayaombi LSAT. Yanaomba uthibitisho wa Kiingereza. Jimbo la New York linakubali, kwa masharti, mwenye diplome ya kigeni na LL.M. afanye mutihani wa baro. Majimbo mengi mengine hayakubali hivyo, kwa hiyo mutu aandikie kwanza baro ya jimbo lake mbele ya kulipa shule.

Hapo jamaa ya huku iko na kazi. Diplome na relevés za cotes zinapaswa kutoka ku universite yenyewe, na zitafsiriwe kwa Kiingereza. Mara nyingi ni ndugu aliyebaki anayepanga mustari ku sekretaria ya universite, na wakati wa vita, ofisi zikifungwa na njia zikikatika, inaweza kuchukua miezi. Basi isingojewe wiki ya mwisho.

Njia zingine zenye kusahauliwa

Kwa Wakongo wenye kukaa Canada, Kifaransa kinafungua mulango mwingine. Universite za Quebec kama Montréal, Laval na Sherbrooke zinafundisha sheria kwa Kifaransa na haziombi LSAT. Tena sheria ya Quebec, ku mambo ya kiraia, inatoka ku mizizi moja na yetu tuliyorithi kwa Wabelgiji: kodi civil. Mwenye kusoma Kifaransa tangu primere ajiulize vizuri mbele ya kupigana miezi sita na Kiingereza.

Na ku Marekani, mwenye kutaka kusaidia jamaa ku mambo ya asile na karatasi hahitaji daima kuwa avoka. Wizara ya Sheria inaweza kumupa ruhusa mutu asiye avoka, kama anafanya kazi ndani ya shirika la musaada lenye kutambuliwa, asaidie wahamiaji na hata kuwawakilisha. Ni kazi ya heshima, na wengine wanaianza wakati wanatayarisha LSAT. Shule zinaipenda zikiiona ku dosye.

Kwa wazazi na ndugu wa huku, jambo la kushika ni hili: LSAT si kisingizio cha mutoto asiyetaka kutuma pesa. Ni kazi, kama stage ama kama shamba mbele ya mavuno. Na kwa kijana mwenyewe, afungue konte ya LawHub leo, afanye mutihani moja wa bure, aombe msamaha wa malipo, kisha apange miezi yake na jamaa yake wazi wazi: ni kiasi gani ataweza kutuma, na hadi lini.